Mtu wa Ng'ambo

Baba yangu hakuwahi kula samaki wa kununua mpaka alipokuja kukaa kwangu Kirumba, na hata hapo hakumla. Nilikwenda soko la samaki la Mwaloni asubuhi, nikachagua sato mnene wa kutosha nyumba nzima, nikampika kwa nyanya na kitunguu kama alivyokuwa akipika mama. Baba akakaa mbele ya sahani, akamgeuza samaki kwa kidole, akamtazama jicho, kisha akauliza nani kamvua. Nikamjibu sijui, baba, nimemkuta sokoni. Akavuta bakuli la mchicha akala ugali wake kwa mchicha, na yule sato akaliwa na wanangu.

Nilikasirika. Mimi ni mwepesi wa hasira na sitaomba radhi kwa hilo, maana hasira ndiyo iliyonilisha tangu kiwanda cha nguo kilipotupunguza kazi. Wenzangu walikaa nyumbani wakisubiri kuitwa tena. Mimi nilikasirika, nikanunua belo la mitumba, nikatandika turubai sokoni. Sasa mtu aliyelishwa na hasira akimpikia baba yake samaki halafu baba akala mchicha, mnategemea nini? Niligongesha masufuria jikoni mpaka majirani wakajua kuna jambo.

Mwanza ya miaka hiyo ya tisini ilikuwa haizungumzi kitu kingine ila samaki. Viwanda vya minofu vilikuwa vinafunguliwa kimoja baada ya kingine, sangara wakipanda ndege kwenda Ulaya sisi tusikowahi kufika, na huku tukiachiwa vichwa na mifupa, ambayo tuliyaita mapanki. Nilimletea baba mapanki mara moja, yamekaangwa vizuri, yananukia. Akasema huyu samaki amevuliwa mara mbili, mara ya kwanza majini, mara ya pili nguo, na yeye hawezi kula mtu aliye uchi. Wanangu walicheka wakashika mbavu. Mimi nilicheka pia, lakini baadaye, nikiwa peke yangu.

Sisi ni Wajaluo wa Mara, wa kandokando ya ziwa kule Rorya. Baba alivua tangu akiwa kijana mpaka nywele zikawa nyeupe. Kisha mambo mawili yakampata kwa kufuatana. Mama alifariki, na kabla hata matanga hayajasahaulika, majambazi wa ziwani wakamvizia, wakamwacha kwenye kisiwa na nguo alizovaa, wakaondoka na mtumbwi na nyavu. Ndugu wakaniletea habari kwamba mzee hali, anashinda ufukweni akitazama maji. Mume wangu, ambaye alikuwa dereva wa malori ya mikoani, akampitia safari moja akamleta. Alishuka kwenye lori na begi lake la turubai la kijani, amekonda, shingo imebaki mishipa.

Siku ya pili tu aliniita akaniambia msimamo wake. Huwa ananiita mama, kwa kuwa nimerithi jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa najua kwamba jambo limekwisha kuamuliwa.

"Mama, nakushukuru," alisema. "Lakini mimi siwezi kukaa mjini kulishwa kama kuku wa kufungiwa. Nikipata maji ya kuvua, nakaa. Nikikosa, narudi kwetu."

Kwao kulikuwa na nini? Nyumba tupu, kaburi la mama, na ufukwe usio na mtumbwi wake. Nilijua akirudi kule hatamaliza mwaka. Sikuwa nimepewa habari hizo na daktari. Niliziona kwenye shingo yake.

Na hakuwa anatania. Nilikuwa nimempa chumba cha wanangu, nikapigilia misumari ukutani atundike nguo zake. Hakutundika hata moja. Kila asubuhi alitoa shati kwenye lile begi, na likishafuliwa na kukauka alilikunja akalirudisha, akavuta zipu, akalisukuma begi chini ya kitanda. Ile sauti ya zipu ilinikera kuliko kitu chochote. Mtu anayefunga zipu kila siku ni mtu aliye safarini.

Kitu kimoja tu kilinipa matumaini, nacho ni salamu. Nyumba yetu ilikuwa na wapangaji wengi, ua mmoja, na vijana wa mjini walishazoea kupita kama upepo. Baba aliweka kigoda chake karibu na mlango wa ua. Siku moja kijana mmoja fundi redio akapita bila kusema neno. Baba akamsubiri afike katikati ya ua, kisha akaitika kwa sauti nzito, taratibu, kana kwamba amesalimiwa vizuri sana:

"Marahaba."

Kijana akasimama. Akageuka, uso umemshuka, akarudi hatua kadhaa akainama kidogo, shikamoo mzee. Baba akaitika tena, marahaba, hujambo, kazi inakwendaje. Haikupita muda ua mzima ukawa unamwamkia kutoka mbali, hata wale wenye haraka ya kwenda chooni. Ndivyo alivyokuwa akitufanya sisi utotoni. Ukijisahau ukampita, unaitikiwa salamu ambayo hukuitoa, na aibu yake unaibeba siku nzima. Nilipomwona anaanza tena mchezo huo nikajua kwamba ndani bado yumo.

Basi nikaanza kumtafutia maji. Mtumbwi haukuwa tatizo. Mwenye nyumba wetu alikuwa na mmoja umeegeshwa Mwaloni, aliyekuwa akiuendesha amehamia kwenye machimbo ya dhahabu, nao unakaukia juani. Nilipomweleza habari za baba alifurahi. Alisema mzee achukue mtumbwi na migonzo, yaani zile kamba ndefu zenye ndoano nyingi, na watagawana watakachopata. Ila kwanza leseni. Bila leseni doria wakimkamata, mtumbwi unakwenda na maji.

Leseni. Baba alirudia neno hilo kama mtu anayeonja dawa. Enzi zake mtu aliamka, akasukuma mtumbwi, akaenda. Lakini sasa samaki alikuwa ameshakuwa dola, na kila mwalo wa kushushia samaki ulikuwa na macho. Hasa mvuvi aliyetoka mkoa mwingine, huyo alitazamwa mara mbili, maana ziwa halina ukuta, na ilisemekana watu wa nchi jirani wanaingia kwetu wanavua na kuondoka. Nasema ilikuwa enzi ya ruksa. Kuuza mitumba ruksa, kufungua kiwanda ruksa, vyama vingi ruksa. Kila kitu ruksa, isipokuwa baba yangu kuvua samaki.

Siku ya kwenda ofisini kwa bwana samaki, yaani afisa wa uvuvi, nilimvalisha mwenyewe. Kwenye belo langu kulikuwa na koti la buluu, kafa-ulaya safi kabisa, lenye vifungo vya kung'aa na nembo ya nanga kifuani, na chini ya nanga maneno ya lugha ambayo hakuna aliyeijua. Nilikuwa nimelificha nisiliuze. Niliona nanga, nikaona mvuvi, nikaona yamelingana. Baba alijitazama kwenye kioo cha kabati, akasema amekuwa nahodha wa meli iliyozama.

Bwana samaki alikuwa kijana, mtu wa mikoa ya kati, hana muda mrefu tangu ahamishiwe Mwanza. Hakutusalimu. Nasema hili kwanza kwa sababu kwangu ndilo kubwa. Mzee mwenye mvi amesimama mbele ya meza yake, yeye anaandika, halafu bila kuinua macho akauliza, mzee umetoka wapi.

Baba akajibu kwa adabu zote, akanyoosha na mkono kuonyesha upande wa dirisha ambako ziwa lilikuwa likimeta:

"Mimi mtu wa ng'ambo."

Kalamu ikasimama. Hapo ndipo kijana alipoinua macho, akaliona koti, akaiona nanga, akayaona na yale maneno ya kigeni.

Kwa sisi tuliozaliwa kando ya ziwa, ng'ambo ni upande wa pili wa maji, basi. Ukiwa Kirumba, walio upande wa pili ni watu wa ng'ambo, na ukivuka kwenda kwao, wewe ndiye unakuwa wa ng'ambo. Mjomba anakaa ng'ambo, mahari imetoka ng'ambo, mbuzi amepotelea ng'ambo. Baba alipiga hesabu ya maji tu: kutoka kwetu mpaka hapa kuna maji, kwa hiyo yeye ni mtu wa ng'ambo. Lakini yule kijana alikulia mahali ambapo hakuna maji ya kuwa na upande wa pili. Kwake yeye ng'ambo ilikuwa ni nchi za watu.

Akamuuliza anaishi huku kwa kibali gani. Baba hakuelewa. Akasema hana sida na mtu, ametaka tu kuvua. Alisema "sida," kama Wajaluo wengi wa umri wake wanavyosema, maana ile shi haikuwahi kukaa vizuri mdomoni mwao. Kijana akatikisa kichwa kama mtu aliyepata ushahidi wa pili. Akasema wavuvi wa kutoka nje ya nchi maombi yao hayapokelewi hapa, yanapelekwa wizarani Dar es Salaam, na tena mzee ashukuru kwamba hamwiti mtu wa uhamiaji saa hiyo hiyo.

Nilijaribu kueleza. Kweli nilijaribu, kwa sentensi kama mbili hivi. Nilisema baba yangu ni Mtanzania wa Mara, ng'ambo maana yake ni hivi na hivi. Akanijibu kwamba dada, mzee amejieleza mwenyewe, usimfundishe maneno. Hapo breki zikakatika. Nilimwambia kwamba kwao hawana hata dimbwi, ndiyo maana hajui ng'ambo ni nini, na kwamba aliyempa kazi ya samaki alitakiwa kumpa ya karanga. Nilimwambia na mengine. Watu waliokuwa kwenye foleni walisogea kusikiliza vizuri. Tulitolewa nje kwa heshima ndogo sana, na nikiwa mlangoni nilikuwa bado naongea.

Najua mtasema niliharibu. Mume wangu alisema hivyo hivyo. Mpaka leo nadhani yale ya karanga yalikuwa ya haki.

Tulipofika nyumbani baba alivua koti, akalikunja, akaniwekea juu ya belo. Kisha akaingia chumbani, nikasikia zipu. Alipotoka aliniambia kwa upole, na huo upole ndio ulioniumiza, kwamba kesho nimpeleke Buzuruga akapande basi la kwenda Mara. Hana kinyongo. Ametaka maji, maji yamekataa. Na mtu akiitwa mgeni katika ziwa alilokunywa tangu utoto, alisema, hapo afadhali akakae na kaburi la mke wake.

Nilimwomba anisubiri mpaka mume wangu arudi na lori. Nilimdanganya kwamba itakuwa aibu kubwa kwa mkwe kukuta mzee ameondoka bila kuagana naye. Kwa watu wetu hilo lina uzito. Akafikiri, akakubali. Nikapata muda.

Sikuupoteza. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, nikakaa barazani kwake mpaka akachoka kuniona, akaandika barua kwamba mzee huyu anamfahamu, ni baba wa mkazi wake, anakaa Kirumba. Mume wangu nikamtumia ujumbe kwa dereva mwenzake asirudi mikono mitupu, apitie kwetu achukue barua ya serikali ya kijiji. Akafanya hivyo. Aliirudisha imekunjwa ndani ya soksi mpya isipate vumbi, ina mhuri na sahihi, na salamu za kijiji kizima zimeandikwa nyuma yake.

Kilichobaki kilikuwa ni mdomo wa baba. Nilimkalisha jikoni tukafanya mazoezi. Mimi nilikuwa bwana samaki. Nilikaa nyuma ya beseni la nguo, nikauliza kwa kiburi, mzee umetoka wapi. Akajibu ng'ambo. Nikamwambia baba, sema Mkoa wa Mara. Akasema Mara ni mto, anawezaje kusema ametoka mtoni kama mamba. Wanangu wakajiunga, kila anayepita anamuuliza, babu umetoka wapi, naye anajibu kila mmoja jibu lake, mara Mara, mara ng'ambo, mara tumboni kwa mama yake. Ilipofika siku ya kwenda sikuwa na uhakika hata kidogo. Na begi lilikuwa tayari limetolewa chini ya kitanda, limesimama mlangoni. Alisema tukitoka ofisini jibu likiwa lile lile, tunaunganisha moja kwa moja Buzuruga.

Kwa hiyo tulikwenda ofisini na begi. Safari hii nilimvalisha shati lake mwenyewe, lililofifia kola, na kofia yake ya majani. Nanga ilibaki nyumbani.

Bwana samaki alitukumbuka. Nilimsalimia kwa sauti ya upole ambayo ilinitoka kwa shida kama mwiba wa samaki. Akapokea zile barua, akazisoma, akazigeuza, akaisoma hata soksi kwa macho maana bado nilikuwa nimeishika. Kisha akasema barua si kitu. Alisema siku hizi mihuri inachongwa, watu wanavuka mpaka na barua za vijiji mfukoni. Mzee alishasema ametoka ng'ambo kwa kinywa chake mwenyewe. Tukae kwenye benchi, atampeleka uhamiaji ahojiwe, na wao ndio watakaosema.

Tukakaa. Baba aliweka begi kati ya miguu yake. Nilimtazama mikono, ile mikono iliyojaa makovu ya kamba, imeshika mpini wa begi kama mtu aliye tayari kusimama. Nilitaka kulia, nilitaka pia kupindua ile meza, na sikuweza kufanya chochote kati ya hayo kwa sababu nilikuwa nimemwahidi mume wangu kwamba safari hii nitatulia. Wakati huo mlango wa ndani ukafunguka, akatoka mama mmoja mtu mzima, mkubwa wa ofisi ile, ambaye watu wa mwaloni walimwita bibi samaki kwa kukosa jina lingine. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, anamtafuta mtu wa kumtuma sukari.

Yule kijana akainuka, akampokea kikombe. Kwenda kutafuta sukari ilibidi apite mbele ya benchi letu. Akapita karibu kabisa na magoti ya baba, akaliruka begi, akaenda zake. Hakusema shikamoo, hakusema habari, hakusema hata samahani.

Baba akamsubiri afike katikati ya chumba.

"Marahaba," akaitika.

Aliitika vile vile kama pale uani, kwa sauti nzito isiyo na haraka, na uso wake ulikuwa mtulivu kama mtu aliyeamkiwa na mjukuu. Kijana akasimama hapo hapo na kikombe mkononi. Niliona shingo na masikio yake vikibadilika rangi. Halafu akafanya jambo ambalo, nakiri, sikulitegemea. Alilelewa na watu, yule kijana, ubaya wake ulikuwa wa kiti tu. Akageuka, akainama kidogo:

"Shikamoo, mzee. Nisamehe."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Bibi samaki ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka akashikilia kizingiti, na foleni yote ikacheka pamoja naye, na mwisho hata kijana mwenyewe akatabasamu ndani ya kikombe. Yule mama akauliza huyu mzee ana shida gani. Kijana akaeleza kwamba anashukiwa kuwa ametoka nchi jirani, ana barua lakini hazimtoshi.

"Huyu?" alisema yule mama. "Mimi nimesoma Kisumu. Wazee wa kule ni watu wazuri sana, lakini ukimpita bila salamu anakuacha uende zako. Anayedai shikamoo ambayo hajapewa, huyo ni wa kwetu. Huyo hata barua hahitaji."

Barua alizisoma hata hivyo, na kwa makini, maana alikuwa mtu wa kazi yake. Akaujua ule mhuri wa kijiji, akamjua na aliyeweka sahihi, kwa sababu aliwahi kufanya kazi Mara. Akavuta kiti akakaa mbele ya baba, akamwamkia kwanza, kisha akamuuliza, baba, hiyo ng'ambo uliyosema ni ng'ambo ipi. Baba akashangaa swali. Akasema ng'ambo ya maji haya haya, kwani kuna maji mengine? Yule mama akamtazama kijana, na kijana akatazama chini, na nikaelewa kwamba tumeshinda. Furaha ilinipanda mpaka nikasimama bila sababu, nikakaa tena. Sikusema neno la karanga. Nililifikiria tu.

Kijana akarudi mezani, akachukua fomu mpya. Akaandika jina, akaandika aina ya chombo, akaandika migonzo. Kisha akafika pale pa makazi. Akainua macho, safari hii akayaweka usoni kwa baba, akauliza kwa adabu kabisa:

"Mzee, niandike umetoka wapi?"

Niliona midomo ya baba ikijikunja tayari kwa lile neno. Niliona Mara, niliona ng'ambo, niliona mamba na mto na tumbo la mama yake, na bibi samaki akibadili mawazo na sisi tukitembea kwenda Buzuruga. Nikamkazia macho kama nilivyokuwa nikiwakazia wanangu kanisani. Baba hakunitazama. Alikuwa akilitazama begi lake. Alilitazama muda mrefu, kisha akanyoosha kidole kwangu.

"Andika Kirumba," akasema. "Kwa huyu binti yangu."

Hayo hatukuyafanyia mazoezi.

Tulilipa ada, tukapewa leseni ya karatasi ngumu yenye mhuri ambao wino wake bado ulikuwa mbichi. Baba hakukubali kuikunja. Aliibeba mbele yake kwa mikono miwili mpaka nyumbani, mimi nikifuata nyuma na begi kichwani, na nilihakikisha tunapita njia ndefu, ile inayopita sokoni kwa wenzangu wa mitumba, na mbele ya uwanja wa mpira, na kwa mwenyekiti wa mtaa. Kila aliyeuliza nilimweleza. Ambaye hakuuliza nilimweleza pia. Mwenye nyumba aliposikia alikwenda mwenyewe Mwaloni kuumwagia mtumbwi maji, mbao zivimbe zizibe nyufa.

Baba akaanza kazi. Aliondoka jioni kutega, akaondoka tena alfajiri kwenda kutegua. Siku hiyo ya kwanza nilikuwa nafua uani, mgongo kwa mlango, nikijifanya simsubiri. Jua lilikuwa limeshapanda. Nikahisi kivuli kimesimama nyuma yangu, nikageuka, mikono imejaa povu.

Alikuwa amelowa mpaka kifuani, suruali imekunjwa, magoti yana magamba. Begani alikuwa amebeba lile begi lake la turubai la kijani. Linavuja maji. Zipu imeachwa wazi kabisa, na kwenye ule mdomo wa begi ulitokeza mkia mpana wa samaki, bado unapigapiga. Nikatupa macho ndani kupitia mlango wa chumba chake. Mashati yalikuwa yametundikwa ukutani, kila shati na msumari wake.

Begi lile lisingeweza tena kubeba nguo za mtu yeyote. Harufu ile haitoki, tuliozaliwa ziwani tunajua. Na yeye alijua kuliko mimi.

Nilisimama pale nikimtazama, machozi yananitiririka, povu linanidondokea miguuni, nimesahau hata adabu niliyofundishwa. Baba akanipa muda. Alishusha begi mlangoni pangu, akanyoosha mgongo, akasubiri kidogo, na alipoona kwamba siwezi kusema kitu, akaitika.

"Marahaba, mama."